Ego, Imepokelewa

Kila redio mpya iliyofika kwenye ghala la shirika, kule mtaa wa viwanda, ilipitia kwanza mikononi mwa Joëlla. Aliiweka mezani, akaifuta vumbi kwa kipande cha kitenge, akaiunganisha na kompyuta, kisha akaanza kuifundisha adabu. Hivyo ndivyo alivyoiita kazi yake, na wenzake walizoea kumtania kwa neno hilo.

Redio hizo hazikuwa za kusemea. Zilituma maandishi kutoka kwenye malori hadi ofisini, na hewa ya Bujumbura mwaka ule wa elfu mbili ilikuwa imejaa kelele: milima, mvua, redio za wanajeshi, na redio za wale waliokuwa wakipigana na wanajeshi. Ujumbe mzima usingepita humo salama. Kwa hiyo redio iliukata vipande, ikatuma kimoja, ikanyamaza kusubiri. Ya upande wa pili ikikipata kizima, inajibu: kimepokelewa. Ikikipata kimeharibika, inasema: rudia. Isipojibu kitu, inayotuma inangoja kidogo na kurudia, inangoja zaidi na kurudia tena, kila mara ikingoja muda mrefu kuliko mwanzo ili isiwazibie wengine njia. Kisichojibiwa hakizuii kinachofuata; vyote visivyojibiwa hurudiwa pamoja baadaye. Kipande kilichokwisha kupokelewa hakirudiwi. Na kikitokea kuja mara ya pili, redio inayopokea inakitupa kimya kimya, maana ilishakisikia. Yote hayo Joëlla ndiye aliyeyapanga.

Jumatatu moja alikuwa ndani ya lori la mumewe, kompyuta mapajani. Mumewe, Akilimali, mtu wa Uvira, alikuwa dereva wa shirika hilo hilo. Alikaa kwenye usukani anakula sambusa huku akichungulia kioo cha kompyuta kana kwamba anaelewa.

"Madereva bengine unabapatia kurudia mara ngapi?"

"Mara tano. Wakikosa jibu mara tano, redio inaacha. Ni chef ndiye alisema."

"Na mi?"

Joëlla akaandika tarakimu moja. Akilimali akaisoma, akaacha kutafuna.

"Sifuri! Bibi yangu mwenyewe ananipatia sifuri. Batu basikie!"

"We nyamaza. Kwa hii mashini sifuri haina maana ya hakuna. Sifuri ni bila kukoma. Itarudia mupaka mutu ajibu."

"Kumbe mumenifungia mama yangu mu gari," Akilimali akasema, na wote wawili wakacheka, kwa kuwa mama yake alijulikana mtaa wao wote wa Nyakabiga kwa kurudia jambo hadi ujibu.

Alhamisi lori lilipanda barabara ya kusini, likapita Musaga, likaingia milimani na maharage na dawa. Siku hiyo jenereta ya ofisini ilizimwa saa kumi kasoro robo, mafuta yalikuwa haba, na redio ya ofisini ikazimika pamoja nayo. Akilimali alituma ujumbe saa kumi na nusu. Hapakuwa na mtu wala mashine ya kuujibu.

Siku ya pili lori lilionekana chini bondeni, limeungua hadi kwenye magurudumu. Ndani hamkuwa na mtu, hata mfupa. Shirika likatangaza ajali: dereva alikosa kona. Bwana Hyacinthe, yule chef, mkubwa wa Joëlla kazini, aliteremka kutoka kwake Kiriri na gunia la mchele na sukari, akasimama uani, akatoa pole yake vizuri, akaondoka. Joëlla alimshukuru. Neno lile, alikosa kona, hakuliamini. Akilimali alikuwa ameendesha magari barabara ile tangu kabla ya vita, na kona zote alikuwa amezipa majina.

Redio ilikuwa imeungua pamoja na lori. Kazi ya kurudia ilimwangukia mwenye ujumbe.

Jumamosi, saa kumi na nusu, Akilimali alikuja nyumbani. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Akili, alikuwa uani anachambua maharage. Massoudi, mwenye duka la jirani, alikuwa ameleta makaa ya watu wa kilio na bado anapumzika juu ya gunia. Joëlla alikuwa anafua. Akilimali alisimama mlangoni pa ua na koti lake la udereva, kiatu kimoja mguuni, vumbi jekundu upande mmoja wa uso.

"Ingia basi," mama yake akamwambia, "usisimame hapo mulangoni."

Hakuingia. Alitazama juu kidogo ya vichwa vyao, kama mtu anayesoma ukutani.

"Joëlla, ni mi, Akilimali," akasema, akanyamaza.

"Ndiyo, bwana yangu," Joëlla akajibu, sabuni ikimchuruzika mikononi.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia jibu. "Mama asiniwekee chakula." Akanyamaza.

"Ego, mutoto wangu," Mama Akili akajibu.

"Niko na Léocadie muuguzi, na wagonjwa wawili."

"Ego," Massoudi akasema.

Ego ni ndiyo ya Kirundi, lakini Bujumbura hata anayeongea Kiswahili toka asubuhi mpaka jioni haachi kuisema. Haina maana kwamba umekubali. Ni kitu unachokirusha katikati ya maneno ya mwenzako ajue hujalala. Mtu anakueleza shida zake, wewe ego, ego, ego. Ukikaa bila ego, umemdharau, ni bora ungemgeuzia mgongo. Massoudi alikuwa mtu mwenye heshima zake, na ego yake ilitoka yenyewe.

"Wanatusimamisha kwa kona ya mikaratusi tatu," Akilimali akaendelea.

Hapo Mama Akili alianza kulia, wala hakuna mwingine aliyejibu. Akilimali alingoja, akakirudia kile kile. Kombora likalia huko milimani; akarudia tena. Kisha akasema, "Anayetoa amri ni ajida wa kizuizi, yule wa jino ya zahabu." Huyo alikuwa mwanajeshi aliyesimamia kizuizi cha barabarani. Akangoja. Kisha, "Wanatupeleka kwa shimo ya tanuru ya matofali." Akangoja sana. Mwishowe akageuka, akatoka. Massoudi alimsindikiza hadi barabarani, akarudi akasema ameelekea Musaga, kwa miguu, upande ule ule wa kivuli aliozoea kupita.

Kesho yake Joëlla alinawa uso, akavaa kitenge kizuri, akakaa karibu na mlango. Saa kumi na nusu Akilimali akaja. Joëlla alingoja jina lake.

"Wanatusimamisha kwa kona ya mikaratusi tatu," Akilimali akasema.

Joëlla alimsikiliza mpaka mwisho, naye akasema vile vipande vitatu tu visivyojibiwa akaenda zake. Ndipo alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko lile lori la bondeni. Kipande chenye jina lake alikuwa amekijibu. Kilikuwa kimepokelewa. Akilimali asingelitaja tena.

Akawaeleza mama mkwe na Massoudi, polepole, jinsi redio inavyofanya kazi. Hawakubisha. Mama Akili aliuliza tu kama hakuna njia ya kumrudishia lile la chakula, Joëlla akasema hakuna. Massoudi akaficha uso kwa kofia yake. "Mi nilijibu bure," alisema. "Mi hata huyo Léocadie simujui."

Aliyemjua alikuja siku chache baadaye. Régis, mume wa Léocadie, alisikia habari akapanda basi dogo kutoka Musaga, amevaa suti yake ya kanisani. Wakampa kiti. Akilimali akaja, akasema vyake vitatu, akaondoka.

"Hakumutaja," Régis akasema.

"Alishamutaja ile siku ya kwanza," Joëlla akamjibu. "Alisema yuko naye, na wagonjwa wawili."

"Naamini. Lakini mi nilitaka kuisikia kwake." Akatazama lile gunia Massoudi alipokuwa amekaa, akaaga akaenda kutafuta basi.

Ndipo Mama Akili alipoweka sheria, mwanawe asije akajibiwa yote na kuacha kuja. Ikikaribia saa kumi na nusu, kila aliye uani anapewa kikombe, anajaza maji mdomoni, anakaa nayo. Huwezi kusema ego na maji mdomoni. Majirani walikuja wengi, wengine kwa huruma, wengine kwa umbea, na wote walikaa kwenye mikeka na mashavu yamevimba, kimya, wakimtazama Akilimali anasema, anangoja, anarudia. Akishageuka wanatema maji kwenye migomba, wanatoa pole, wanatawanyika. Migomba ile ilistawi sana.

Mwanzoni alikuja kila siku. Kisha akawa anaruka siku, kisha siku kadhaa, kisha ikawa wiki nzima.

"We ndiye umemupangia hivyo?" Mama Akili akamwuliza mkwewe.

"Ndiyo, mama. Redio isiposikia jibu inangoja zaidi."

"Basi mupangie vingine."

"Redio iliungua, mama. Sina kitu ya kushika."

Wala hakuwa akija kama alivyokuja mara ya kwanza. Kiatu cha pili kilipotea. Vumbi likashika uso wote. Sauti ilianza kukwaruza, na mara nyingine alisema neno moja mara mbili akalirekebisha. Joëlla alimwonea huruma hadi ikawa anaogopa ile saa. Usiku alilala macho wazi akifikiria mtu anayetembea toka milimani bila viatu, anakuja kusema maneno yale yale kwa watu wenye maji mdomoni.

"Mama, tumutafutie mutu wa kumujibu," alisema siku moja. "Mutu mwenye nguvu. Mutu anaweza kufungua hiyo shimo."

"Akijibiwa ataenda."

"Ataenda, ndiyo. Lakini tutamuzika."

"Hata akuje na kichwa tu, mi nitamupokea," Mama Akili akasema. "Mi ndiye nilimuzaa. Naweza kumuona amechoka." Akaenda jikoni, akapiga sufuria huku na huku, na siku mbili hawakusemeshana.

Siku ya tatu, mwanamke yule mzee alimfuata Joëlla kwenye kamba ya nguo. Macho yalikuwa mekundu. "Utanipatia kaburi?" aliuliza. "Kaburi yenye musalaba, nijuwe ni pale?"

"Ndiyo, mama."

"Basi muite huyo chef yako."

Bwana Hyacinthe hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe. Joëlla alipomweleza, hakushangaa wala hakumcheka. Alizima kiyoyozi amsikie vizuri. Aliuliza Akilimali anapitaje vizuizi bila karatasi. Aliuliza kama anakuja na mali yoyote ya shirika. Joëlla akasema koti tu.

"Na anasema nini hasa?"

"Apana, chef. Mi sitasema. Uje usikie mwenyewe."

Hyacinthe akakuna shingo. "Joëlla, dada yangu, unielewe. Kile kizuizi ndiyo njia yetu. Kule juu kuna watoto wanakula maharage yanayopita pale pale. Nikisema neno moja baya, malori yanarudi."

"Kwa hiyo ni ajali."

"Karatasi inasema ajali. Lakini nikisikia kwa masikio yangu, nitajua la kufanya. Siwezi kusimama mbele ya wakubwa na maneno ya mjane."

Joëlla aliyashika maneno hayo, nitajua la kufanya, akarudi nayo Nyakabiga kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ilipofika, gari la Hyacinthe lilibaki mwanzo wa kichochoro kwa sababu halikuweza kuingia. Mama Akili alikuwa amefagia ua mara mbili. Alimkaribisha mgeni kwenye kiti chenye mgongo, akamfungulia Fanta baridi aliyoikopa kwa Massoudi. Majirani walikaa kwenye mikeka. Kikombe kikazunguka, kila mtu akajaza mdomo. Kilipomfikia Hyacinthe alitabasamu, akainua chupa ya Fanta kuonyesha anacho chake. Mama Akili alimtazama Joëlla. Joëlla akatazama chini. Chef ni chef; utamwambiaje ashike maji mdomoni kama mtoto?

Joëlla akatema maji yake, akainama karibu na sikio la mgeni. "Chef, nakuomba. Ataongea, halafu atangoja. Usimujibu mupaka ukate shauri. Ukijibu, hatarudi tena kuisema. Ujibu tu kama utaenda kumutoa kule atataja na kuondoa ile neno ya ajali. Kama bado hujui, ukae kimya, atarudi wiki ingine."

"Ego," Hyacinthe akasema.

Joëlla alilisikia neno hilo, akanyoosha mkono kukichukua tena kile kikombe cha maji. Lakini Akilimali alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikuwa pekupeku, miguu imepasuka. Koti lilikuwa limebaki mkono mmoja. Akatazama juu ya vichwa vya watu.

"Wanatusimamisha kwa kona ya mikaratusi tatu."

"Ego," Hyacinthe akasema kwa upole, kama mtu mwenye malezi mema mbele ya anayeeleza msiba wake.

Joëlla akamshika mkono. Hyacinthe akaupapasa mkono ule kumtuliza, macho yake hayajamtoka Akilimali.

"Anayetoa amri ni ajida wa kizuizi, yule wa jino ya zahabu."

"Ego, ego."

Mama Akili alisimama na maji mdomoni, akitikisa mikono yote miwili, mashavu yamejaa, machozi yanateremka. Hangeweza kupiga kelele bila kuyatema, na alipokumbuka kwamba anaweza kuyatema, Akilimali alikuwa anasema kipande cha mwisho.

"Wanatupeleka kwa shimo ya tanuru ya matofali."

"Ego," Hyacinthe akasema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa redio pia, aliyeanza kazi kwenye redio kabla ya kupanda cheo, akaongeza kwa mazoea ile imepokelewa ya Kifaransa: "Bien reçu."

Mabega ya Akilimali yakashuka, kama mpagazi aliyetuliwa gunia. Kwa mara ya kwanza tangu afe aliteremsha macho akawatazama watu wenyewe: mama yake, Massoudi, majirani, kisha Joëlla. Kwa Joëlla macho yalikaa. Akafungua mdomo. Lakini ujumbe ulikuwa umekwisha wote, hakubaki na neno hata moja la kusema, na baada ya muda akaufunga mdomo, akageuka, akatoka. Safari hii Massoudi alipomfuata hadi barabarani, hakumwona.

"Poleni sana," Hyacinthe akasema, akasimama. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Nimesikia yote." Akamaliza Fanta, akashukuru, akawahi gari lake kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Shimo halikufunguliwa. Kondakta wa basi la kusini alisema lile tanuru la juu linawaka tena, matofali yanauzwa, mazuri tu. Mama Akili aliendelea kujaza maji mdomoni kila saa kumi na nusu, peke yake sasa, majirani walishaacha kuja.

Joëlla akapanda ofisini kwa Hyacinthe.

"Chef, ulisema utajua la kufanya."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu shimo ya tanuru ya matofali."

Hyacinthe alimtazama mdomo. "Unasema?"

"Shimo ya tanuru ya matofali."

"Samahani, sijakupata." Akajigonga sikio kwa kiganja, akacheka kidogo kwa aibu. "Sema tena."

Joëlla akarudia. Akataja kona, akataja ajida na jino lake. Hyacinthe alisogeza kiti, akakunja uso, akajitahidi kwa moyo wote, na hakusikia kitu. Alipomwuliza kuhusu mafuta ya jenereta, alisikia vizuri sana na akamjibu. Joëlla akachukua kalamu akamwandikia. Hyacinthe aliigeuza karatasi pande zote mbili, akairudisha. "Hujaandika," akasema.

Basi Joëlla akajua kwamba Hyacinthe hakuwa anamdanganya. Alikuwa ameshapokea. Kipande kilichokwisha kupokelewa kikija mara ya pili hutupwa, bila kelele, na redio zote za shirika zilikuwa hivyo, na ni yeye aliyezifundisha. Akasema asante, chef, akarudi kwenye meza yake, akakaa mikono ikiwa mapajani.

Kitu kimoja Hyacinthe alifanya: jenereta haikuzimwa tena mapema. Alisema kila ujumbe lazima upokelewe. Lori jipya lilipokuja, likapewa kijana mmoja mcheshi aitwaye Trésor, na Joëlla akaipanga redio yake kama kawaida. Mkono wake ulisimama kwenye ile nafasi ya kurudia. Akaandika sifuri.

Alasiri moja, jenereta inanguruma, kioo cha redio ya ofisini kikawaka. *Chef, ni Trésor.* Redio ikajibu yenyewe: kimepokelewa. *Wanatusimamisha kwa kona ya mikaratusi tatu.* Kimepokelewa.

Joëlla alikimbia hadi kwa Hyacinthe, akamvuta mkono, akamsimamisha mbele ya kioo. Hyacinthe akasoma.

"Chef, ni Trésor. Ego. Ananisalimia?"

"Yuko na hatari, chef! Trésor yuko na hatari, sasa hivi!"

Hilo alilisikia. Alinyakua funguo za gari mezani, akashika simu ya kumpigia mkubwa mmoja aliyekuwa na askari, akasimama hivyo, funguo mkono mmoja, simu mkono mwingine.

"Wapi?"

Joëlla akamwambia.

"Wapi, Joëlla? Sema haraka! Ni wapi?"

Akamwambia tena, akamwambia kwa Kirundi, kwa Kifaransa, akaonyesha kwa kidole kwenye ramani ya ukutani, na Hyacinthe akaifuata ncha ya kidole hadi mahali ambapo kwake palikuwa ukuta mweupe. Mlinzi wa getini alisikia yote, akashika kichwa. Lakini mlinzi hana gari, na mkubwa wa askari hapokei simu ya mlinzi wala ya fundi wa redio. Nyuma yao kioo kiliwaka tena na tena. Redio ilijibu kila kipande, mara moja, kwa adabu.

Shirika likatangaza ajali. Dereva alikosa kona.

Trésor hakurudi kwa mtu yeyote. Ujumbe wake ulikuwa umefika wote.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja aliulizia Nyakabiga nyumba ambako mtoto wa mtu alikuwa anarudi. Alikuwa Benite, mama yake Trésor. Alikuwa amebeba shati lililopigwa pasi na jozi ya viatu, kwa kuwa alisikia wanakuja bila viatu. Alimwuliza Joëlla wanafanyaje, kama kuna maombi fulani, kama ni lazima kumtaja jina. Joëlla alijua kwamba ujumbe wa Trésor ulikuwa umejibiwa wote, akakamua shuka lililokuwa mkononi.

"Ni saa kumi na nusu," Mama Akili akamjibu badala yake. "Kaa hapa. Usimujibu tu, hata akisema nini. Akijibiwa anaenda."

Akamsogezea mkeka, akampa kikombe. Benite akajaza maji mdomoni, akaviweka viatu miguuni pake, vidole vyake vikiwa juu ya kamba. Mama Akili naye akajaza. Wanawake wawili wakakaa bega kwa bega, mashavu yamevimba, wakitazama mlango wa ua. Joëlla akarudi kwenye nguo zake, akaendelea kufua.